Rinda la Yadi Tano

Bibi yangu hakuwa na subira na gauni lililobaniwa kitambaa. Jioni alikaa barazani Mtaa wa Sikukuu, akamtazama mwanamke anayepita, akakadiria, kisha akatamka: "Yadi 3." Basi, hukumu imetoka. Gauni kwake lilianzia yadi 5. Chini ya hapo ni nguo ya kuoshea vyombo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maringo ya kizee. Sasa magauni ya aina hiyo ndiyo ninayovaa kwenda kazini, kifua kimekaa sawasawa, kiuno kimebana, rinda limeachiwa hadi chini ya magoti, na nikiulizwa Kariakoo imepitia mambo gani naweza kujibu kwa kufuata upana wa rinda tu.

Lake yeye alilishonesha katikati ya miaka ya 50. Lilikuwa la popelini ya bluu yenye madoa meupe, kola ndogo ya duara, vifungo vilivyovikwa kitambaa kile kile, na mkanda wa inchi 2. Kitambaa kilitoka Uhindini, kwa mwenye duka aliyepimia yadi kwa kijiti cha mbao juu ya meza na kuongeza vidole vinne kwa mteja aliyemzoea. Kikashonwa Mtaa wa Kichwele, ambao sasa ni Uhuru, na fundi aliyeweka cherehani yake kwenye baraza la nyumba ya watu. Barabarani gauni hilo halikuonekana sana. Mwanamke wa Kariakoo alitoka na khanga mbili juu, au buibui, na mtindo wake ukaishi humo ndani. Pa kuuonyesha palikuwa harusini, studio ya picha na dansini. Bibi alipokwenda na babu ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, khanga zilikunjwa zikawekwa kwenye kiti, na muziki ulipoanza, rinda likafanya kazi yake.

Mtindo wenyewe ulitoka mbali. Februari 1947, jijini Paris, Christian Dior alionyesha magauni ya kiuno chembamba na sketi zilizokula kitambaa bila huruma. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha juzi tu. Uingereza nguo zilikuwa bado za mgao, na mgao huo haukufutwa hadi Machi 1949, kwa hiyo wengi walimlaani Dior kwa ufujaji huku wakilitamani gauni lake. Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, ambaye naye alikuwa mteja wa Dior, alifika Dar es Salaam, na hospitali tunayoiita Muhimbili ikapewa jina lake. Bibi alikuwa miongoni mwa waliosimama barabarani kumwangalia. Miaka mingi baadaye hakukumbuka sura yake hata kidogo. Alikumbuka nguo.

Mafundi wa Kichwele hawakuhitaji kumjua Dior. Mteja alileta picha iliyokatwa gazetini, au alieleza kwa mikono gauni aliloliona sinema, na fundi akaenda kulikata kwa jicho. Kazi si ndogo. Chukua mwanamke mwenye kiuno cha inchi 28 anayetaka rinda la mwavuli kamili, refu inchi 26. Tundu la kiuno linachorwa kwa kamba ya inchi 4 na nusu, ukingo wa chini kwa kamba ya inchi 30 na nusu. Kitambaa cha upana wa inchi 45 hakitoshi kutoa duara hilo zima, hivyo hukatwa nusu mbili na kuungwa ubavuni. Rinda peke yake limekwishakula karibu yadi 3 na nusu. Ongeza kifua, mikono, kola, mkanda na bitana ya kiuno, umefika kwenye yadi 5 za bibi. Ukikata nusu mwavuli, yadi 2 zinatosha kwa rinda, na wengi hawaoni tofauti mpaka uanze kutembea.

Lilipokamilika halikuvaliwa hivi hivi. Ndani kulikuwa na gagulo la pamba lililotiwa wanga wa muhogo, likaanikwa, likapigwa pasi ya mkaa lingali na unyevu hadi likasimama lenyewe. Mama anasema akiwa mtoto alipenda kujificha chini yake na kusikiliza likichakarika.

Zamu ya kulivaa ilikuwa ya mama, na hakulitaka. Mwaka 1968 alikuwa msichana mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na wasichana wa ofisini walivaa vimini. Yadi moja na nusu, umemaliza, na mshahara unabaki. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vitakuwa marufuku. Wapo ambao hawakungoja Januari. Magenge ya wanaume yaliwavamia wanawake hapa hapa Kariakoo, yakiwasaka kwenye mabasi na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingia. Mama alikuwa akibadilisha basi Kariakoo kila siku. Wiki ile ile alifungua sanduku la bibi, akatoa gauni la madoa, akapunguza kiuno, akaenda nalo kazini, na akaendelea kwenda nalo.

Hapa watu hupenda kuniambia kwamba magauni haya ni ya heshima, na kwamba zamani wanawake walijua kujisitiri. Mimi hunyamaza, kwa sababu najua mama alilivaa kwa hofu. Gauni lile ambalo bibi alilishonesha ili aonekane, mwanawe alilivaa ili asionekane. Kitambaa ni kile kile, mtaa ni ule ule, na kati yao ilipita miaka kama kumi na tatu tu.

Halafu kitambaa chenyewe kikaadimika. Nchi ilikuwa na viwanda. Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kikitoa vitenge na khanga tangu 1968. Lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliisha, vipuri vikakosekana, na maduka yakabaki na rafu. Khanga ilipatikana kwa foleni. Machi 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata mtu mwenye doti chache mpya ndani aliingiwa na woga wa kuulizwa amezipata wapi. Karibu na Idi ya mwaka huo bibi alilitandika gauni lake sakafuni, akachukua mkasi, akatenganisha rinda na kifua. Ndani ya ule mwavuli mlikuwa na magauni mawili ya watoto, langu na la mdogo wangu, na kipande cha kutosha kitambaa cha kichwa. Hakulia wala hakuhutubia. Alisema tu, "Yadi 5 si hasara, mnaona?" Kifua chenye kola na vifungo akakikunja akakirudisha sandukuni.

Ndiyo sababu wanaponiuliza kwa nini kizazi changu kilikua na nguo za kubana, siwezi kutaja mitindo tu. Sketi nyembamba ni mtoto wa dhiki. Aliyekuwa na yadi mbili alishona za yadi mbili.

Bajeti ya 1984 ikaanza kulegeza uingizaji wa bidhaa, Rais Mwinyi akaingia madarakani 1985, na mitumba ikamwagika. Tuliiita kafa Ulaya, tukiamini, au tukijifanya kuamini, kwamba mwenye nguo amekufa na ndugu zake wameitupa. Hakuna aliyekubali kwamba amevaa kafa Ulaya, na hakuna ambaye hakuvaa. Soko la Karume, pale Mchikichini, likawa ndilo darasa langu la ushonaji. Muuzaji alipokata kamba za belo na kumwaga mzigo, waliopointi waliwahi jinzi na mashati. Magauni mapana yalibaki chini, kwa kuwa yalionekana ya bibi kizee wa Kizungu, na bei yake ilikuwa ya kutupa.

Mengi hayakuwa ya miaka ya 50 bali yaliyoigiza miaka ya 50. Nilijifunza kutofautisha kwa vidole kabla ya macho. La kweli mara nyingi lina zipu ya chuma, na zipu hiyo iko ubavuni, si mgongoni. Pindo lake ni pana, inchi 3 au zaidi, ili mtoto akirefuka au mtindo ukibadilika liweze kuteremshwa. Kingo za ndani zimekatwa kwa mkasi wa meno, hazikupigwa oveloki. La Kimarekani linaweza kuwa na lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, ILGWU, na lebo hiyo ilibadilishwa sura mara kadhaa, kwa hiyo anayeijua huweza kukisia mwaka. Ukilivaa unagundua kwamba saizi za zamani ni ndogo kuliko za leo: 14 ya wakati ule inakataa kufunga kwa mwanamke anayevaa 12 ya sasa. Wengi huvunjika moyo hapo. Angalieni ndani ya mishono kwanza. Fundi wa zamani aliacha akiba ya kitambaa ya kupanulia.

Bibi alipofariki nilipewa kile kifua cha popelini. Nilikipeleka kwa fundi mzee Mtaa wa Narung'ombe pamoja na picha ya studio, bibi amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia bila kuinua macho, akakigeuza kifua ndani nje. "Huyu alikuwa anajua," akasema, na alimaanisha fundi mwenzake, si bibi. Akakifumua, akachora kila kipande kwenye karatasi ya kaki, akakirudishia mshono kama alivyokikuta. Tangu hapo karatasi ile ndiyo inayonivisha. Nashonea kitenge cha yadi 6, ambacho hutoa gauni zima na kubakiza kilemba, au khanga doti moja nikitaka rinda la kukusanya badala ya mwavuli, pindo la khanga likizunguka chini na jina lake likisomeka kwa anayenifuata nyuma. Babu fundi hapendi khanga yenye jina la mipasho. Anasema atalaumiwa yeye.

Kuvaa kila siku kuna sheria zake, na joto la Dar es Salaam ndilo hakimu. Gagulo la wavu wa nailoni linawasha na kutoa jasho. La pamba, la marinda mawili tu, linatosha, na wanga wa muhogo bado unauzwa. Bitana iwe kifuani peke yake. Kwenye mwendokasi asubuhi, ukipandia Gerezani, kusanya rinda kwa mkono mmoja kabla mlango haujafungwa, maana mlango hauchagui. Bodaboda sahau, bajaji ndiyo usafiri wa gauni pana. Msimu wa mvua, Msimbazi ikigeuka tope, nafunga khanga juu ya gauni kama alivyofanya bibi. Viatu vya mchuchumio naviacha ofisini, njiani navaa simpo. Kichwani nasuka twende kilioni au nafunga kitambaa, na sijaona sababu ya kutafuta nywele za Marilyn Monroe wakati picha ya bibi inanionyesha nywele zilizochanwa njia katikati zikafungwa kisogoni. Ninachoiga ni miaka ya 50 ya Kariakoo.

Watu wana maneno. Wapo wanaoniita mlokole, wapo wanaouliza kama nimetoka kipaimara. Vijana wa Mtaa wa Kongo huniita "anti wa zamani" wakinivutia kwenye meza zao. Siku hizi naulizwa zaidi namba ya fundi, na wanaouliza ni wasichana wenye umri aliokuwa nao mama mwaka 1968.

Na ukienda madukani utaliona gauni hili limerudi. Nyumba za baraza zimevunjwa, maghorofa yamesimama, na ndani yake wafanyabiashara kutoka Kongo na Zambia wanabeba kwa jumla magauni ya Kichina yenye kola ya duara na madoa meupe. Kwa mbali ni lile lile. Lishike: poliesta, mpira kiunoni badala ya vipimo, rinda la robo mwavuli, pindo la nusu inchi lisiloweza kuteremshwa. Kando yake linaning'inia dera, ambalo lina kitambaa tele na halina kiuno kabisa. Sina ugomvi na dera, nalala nalo. Lakini hivi vitu viwili vikikaa pamoja vinaonyesha tulipofika. Kitambaa kimejaa Kariakoo kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na kilichoadimika sasa ni mshono. Fundi kijana ana sare za sendofu za watu thelathini za kumaliza kufikia Ijumaa. Hana muda wa kuchora duara kwa kamba, na mteja hamlipi kwa kuchora. Babu wa Narung'ombe alihamishwa kutoka baraza la chini hadi ukumbi wa ghorofa ya juu, nyuma ya duka la simu, na hana mwanafunzi.

Kwa hiyo nina ombi moja. Kama sandukuni kwenu kuna gauni la bibi au la mama, hata kama limebaki kifua tu, msiligeuze dasta, wala msiwahifadhie nondo. Lipelekeni kwa fundi mzee aliye karibu nanyi mapema, alifumue, achore vipande vyake kwenye karatasi, na mlipeni kwa kuchora kama mnavyomlipa kwa kushona. Kisha nunueni yadi 5.