Maumivu Yalipopata Nafasi Kwenye Chati

Nilipoanza uuguzi katika wodi ya upasuaji, miaka ya 1990, chati ya mgonjwa ilikuwa na nafasi ya joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Maumivu hayakuwa na mstari wake. Aliyenyamaza tulimwita mvumilivu. Aliyelia aliambiwa ajikaze, wenzake wamelala. Daktari aliandika sindano ya pethidini "akihitaji", na kuhitaji kwenyewe tuliamua sisi, si mwenye kidonda.

Mofini ilikaa kabatini chini ya kufuli mbili. Tuliogopa kwamba mgonjwa atakuwa teja, au pumzi itamkatika usiku tukiwa zamu. Hofu hiyo tuliirithi kwa waliotutangulia. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa ngazi ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, lakini wodini kwetu hakuna aliyeipanda.

Mambo yalianza kubadilika tulipopata mafunzo ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito. Tulielezwa kuwa wenzetu wa Uganda, tangu 2004, wameruhusu hata wauguzi waliosomea tiba hiyo kuandika mofini. Tukajifunza kuanza na dozi ndogo, kuitoa kila baada ya saa 4 bila kungoja mgonjwa alie, na kuiambatanisha na dawa ya kulainisha choo. Tukaelewa pia kwamba aliyepasuliwa tumbo akiumia hathubutu kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu. Makohozi yakituama, nimonia hiyo.

Namkumbuka bibi mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Nilimuuliza maumivu yake ni mangapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Akainua vidole vinane. Baada ya dozi kadhaa za mofini ya maji vikabaki vitatu. Akaomba uji, akaketi, akamaliza kikombe. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kumbe dawa hii ilikuwepo siku zote?"

Swali lake lilifanya kazi kuliko semina yoyote. Kila zamu ikaanza kuandika namba ya maumivu kando ya joto na mapigo ya moyo, na namba ikiwa kubwa, daktari anaitwa.

Wauguzi wenzangu mlio kazini leo, ulizeni, andikeni, na mwaminini mgonjwa. Nawe uliyelazwa, au unayeuguza, usione haya kusema unaumwa kiasi gani. Kuvumilia maumivu yanayotibika hakuponyi ugonjwa wowote.