Choo Cheupe Kama Nini?

Kiswahili kimelipa ini heshima kubwa: habari chungu hutukata maini hata kabla hazijafika moyoni. Lakini ini la washairi haliugui. Nalihisi hilo nilipoombwa kusaidia kuandika maneno ya bango la matembezi ya hisani mjini Bariadi.

Matembezi yenyewe yalihusu ugonjwa adimu wa watoto wachanga. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini na kuifikisha utumboni huziba, nayo nyongo hubaki ikililia ini lenyewe. Upo upasuaji, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, wa kuunganisha utumbo na ini moja kwa moja. Ila hufaa zaidi kabla mtoto hajatimiza siku 60.

Siku 60, na nyingine huliwa na maneno tu. Ukisema “homa ya manjano,” msikilizaji huwaza mbu. Ukisema “homa ya ini,” huwaza virusi na chanjo. Ukisema “manjano” peke yake, bibi atakujibu kuwa watoto wengi huzaliwa nayo, na ni kweli, ya wengi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili.

Dalili ya kuangaliwa ni choo kilichopauka. Hapo adabu ikatukaba: bango litapita mbele ya wakwe! “Haja kubwa” ni neno la staha, lakini nani huiangalia rangi yake? Tukashika “choo.” Mwenzangu, fundi wa vina, akapendekeza “cheupe kama pamba.” Simiyu ni nchi ya pamba, tashbihi ilikuwa nyumbani kwao. Muuguzi akaikataa. Choo hicho kina ukijivu, alisema, na mama atakayengoja weupe wa pamba atangoja hadi siku zipite.

Mama mmoja aliyekuwa akigawa maji akatuambia, “Andikeni kama pemba.” Ule udongo wanaotafuna wajawazito. Sijapata kuukuta katika shairi lolote, lakini kila mwanamke pale aliijua rangi yake.

Tukatoka Somanda na bango hili: “Mtoto amepita wiki mbili, macho bado ya manjano, choo kama pemba? Mpeleke hospitali leo.” Vina havipo, mizani imepinda. Mwenzangu alishika mti wa kulia, mimi wa kushoto, na njiani wanawake walilisoma kwa sauti, kisha wakafasiriana kwa Kisukuma.