Kabla Hujaambiwa Bodi Imekufa

Kuna maneno mawili yanayokula pesa za watu huku Lamu: "Bodi imekufa." Fundi anakuja, anabonyeza vitufe vya draya ya nguo mara tatu, havijibu, anatikisa kichwa, basi. Bodi ni kile kibao cha saketi kilicho nyuma ya paneli. Ukishaambiwa imekufa, mpya iagizwe Nairobi, ipandishwe basi mpaka Mokowe, ivushwe kwa boti, halafu fundi huyo huyo alipwe kuifunga.

Mimi nasema hivi: mara nyingi paneli si mgonjwa. Paneli ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Najua kuna mtu anauliza, draya Lamu ya nini na jua lote hili? Shangazi yangu amekausha nguo paani maisha yake yote. Lakini kazi yake ni kufulia nyumba za wageni za Shela, na masika yakianza, shuka zinaweza kukaa kambani siku mbili na bado zina ubichi. Mgeni anaingia saa nane mchana, hajali kama kumenyesha. Ndiyo maana alijikaza akanunua draya, ya mkono wa pili. Mwaka jana mwezi wa tano ikagoma. "Mashine hini ikifa, na kazi imekufa," akaniambia. Fundi alikuwa ashatoa hukumu, na bei ya bodi ilikuwa karibu nusu ya pesa aliyonunulia draya nzima.

Nilichofanya ni kuanza nje nikaingia ndani. Nawaandikia kwa mpangilio huo huo.

Paneli ikiwa giza kabisa, usiiguse draya kwanza. Chomeka pasi kwenye soketi ile ile. Pasi ikikataa, shida iko ukutani. Ikishika moto, angalia fyuzi ndani ya plagi, kwa sababu hizi plagi zetu za pini tatu zina fyuzi yake, na ya draya huwa ya ampea 13. Na tafadhali, draya ya wati 2,500 kwenye volti 240 inavuta zaidi ya ampea 10. Ukiiweka kwenye ekstensheni moja na birika la stima, unatafuta moto.

Paneli inawaka lakini haisikii? Tafuta kialama cha kufuli kwenye kioo. Hiyo ni kufuli ya watoto, na kwa mashine nyingi inatoka ukishikilia kitufe chake sekunde chache. Halafu mlango. Kuna kiswichi kidogo pale unapofungia, na usiposikia "tak", draya inaamini mlango uko wazi, haianzi ng'o. Na kama ni aina inayokusanya maji kwenye tangi, limwage. Tangi likijaa, mashine inasimama yenyewe.

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, ile kompyuta ndogo ya ndani inaweza kuganda kama simu. Chomoa plagi, subiri dakika kumi, rudisha. Haigharimu kitu.

Ikikuandikia herufi na namba kwenye kioo, usibahatishe. Kila kampuni ina maana zake. Tafuta namba ya modeli, mara nyingi iko kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango, usome maelezo ya modeli hiyo, si ya jirani yake.

Inasema imemaliza na nguo bado mbichi? Kwenye draya nyingi kuna vipande viwili vya chuma ndani vinavyopima unyevu. Dawa ya kulainisha nguo huviwekea utando, vikadanganyika. Vipanguse kwa kitambaa na siki kidogo. Na kama paneli inawaka vizuri lakini joto hakuna, huenda fyuzi ya joto imekatika. Mara nyingi inakatika kwa sababu ile pamba ya nguo imeziba njia ya hewa. Ukibadilisha fyuzi bila kusafisha njia, utarudi pale pale.

Ya shangazi haikuwa hata moja kati ya hizo. Ila alisema kitu ambacho fundi hakuuliza: siku ya jua vitufe vilijibu, siku ya mvua havikujibu. Jamani, bodi iliyokufa haiangalii hali ya hewa!

Nikachomoa plagi, nikaacha ikae, nikafungua skrubu, nikapiga picha kila waya kabla ya kuugusa. Ule utepe bapa unaotoka kwenye vitufe kwenda kwenye bodi ulikuwa umeota kutu ya kijani kwenye ncha, kama sinia la shaba lililosahauliwa. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu haimwogopi mtu. Brashi laini ya meno, spiriti ya isopropili, nikaacha ikauke kabisa, nikaurudisha mpaka ukakaa sawa. Draya inafanya kazi mpaka leo.

Fundi aliposikia akauliza, "Yule si ndiye aliyeacha chuo? Amesomea wapi?" Kweli niliacha, mwaka wa pili, karo ilishinda. Lakini hapa hapakuhitaji digrii. Palihitaji kuuliza maswali kwa mpangilio, yale ya bure kwanza.

Na siwapigi vita mafundi. Hiki ni kisiwa cha mafundi. Nenda Matondoni uone wanaounda majahazi. Chombo kikivuja hawakitupi, wanatafuta panapovuja wanatia kalafati. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 ya kulazimisha kampuni zirekebishe baadhi ya vifaa, draya zikiwemo, hata waranti ikiisha. Wenzetu wameiandika sheria. Sisi tulikuwa nayo kama desturi, halafu tukaanza kuona aibu kutengeneza.

Kuna mahali pa kusimama, lakini. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona doa jeusi kwenye bodi, au swichi kuu inajikata kila ukiwasha, acha hapo uite fundi wa stima. Huo si woga, ni akili.

Ila akija, muulize swali moja tu: umepima nini? Aliyepima atakuonyesha. "Bodi imekufa" si jibu mpaka mtu akuonyeshe maiti.