Kila Mtu na Kipande Chake

Akina mama wapendwa, hapa kwetu Ziba, wilayani Igunga, ziwa liko mbali. Sangara anayefika sokoni ametoka Ziwa Viktoria, na bei yake tunaijua. Basi akinunuliwa, yafaa ashibishe nyumba nzima. Lakini mara nyingi mapande manono huenda kwa baba na wageni. Mama mjamzito na watoto hubakiwa na mchuzi. Sisi tunaopima watoto kliniki tunasema: hao ndio miili yao inajengwa. Wanahitaji samaki mwenyewe, si harufu yake.

Kabla ya kulipa, tumtazame. Macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Samaki aliyeharibika haponi kwa ndimu wala chumvi. Aliye mzima tumpike siku hiyo hiyo.

Tukifika jikoni, tuhesabu walaji kwanza, ndipo tushike kisu. Tunamkata kukingama mfupa wa mgongo, unene wa vidole viwili, mapande yote sawa. Unene ukilingana yataiva pamoja, na kugawa kutakuwa rahisi. Tunayaosha, tunayapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, kisha tunayaacha robo saa. Baada ya hapo tunayakausha kwa kitambaa safi, maana majimaji hurusha mafuta na kumfanya samaki agande.

Mafuta kidogo ya alizeti yapate moto sawasawa kwenye kikaango. Tuyapange mapande bila kuyasonga, wala tusiyaguseguse. Upande wa chini ukikauka na kuwa wa kahawia, huachia wenyewe. Hapo tunageuza mara moja tu. Samaki ameiva nyama ikiwa nyeupe hadi mfupani na kuachana nao bila shida. Kitunguu na nyanya vikikaangwa humo humo, ugali umepata mchuzi.

Kwa mtoto mdogo, tuchambue miiba kwa vidole, taratibu, kabla ya kumpa.

Na baba je? Tuzungumze naye kwa upole kabla ya chakula. Baba anayependa watoto wake hatakosa kuelewa.

Katika Yohana 21, Bwana Yesu mwenyewe aliandaa samaki juu ya makaa kando ya bahari ya Tiberia, akawagawia wanafunzi wake. Nasi tugawe vivyo hivyo, asisahaulike aliye mdogo. Mungu abariki majiko yenu.