GODORO HUBAKI BWENINI

Nataka kuwaeleza wenzangu kosa nililolifanya mwenyewe.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilipewa kazi ya kuweka picha katika ukurasa wa shule kwenye intaneti. Nikaweka picha 12 za mahafali, kila moja MB 4, kama zilivyotoka katika kamera. Hapa Biharamulo, katika chumba cha kompyuta, zilifunguka upesi, maana zilikuwa ndani ya kompyuta ile ile. Nikajiona fundi.

Likizo ikafika, nikaenda kwetu Ngara. Mama alitaka kujua siku ya kufungua shule. Akauza mkungu wa ndizi, akanunua kifurushi, tukapanda kilimani kutafuta mtandao. Picha ya kwanza ikashuka nusu, mtandao ukakatika. Tukajaribu tena, ikaanza upya. Kifurushi kikaisha na tarehe hatukuiona. Mama akauliza, "Mwanangu, nani aliyeutengeneza ukurasa huu?" Nikanyamaza. Nilirudi shuleni nimechelewa siku mbili.

Ndipo nilipoanza kujifunza. Kwanza, nilipunguza kila picha mpaka KB 120. Sasa zote 12 hazifiki MB 1.5, na katika simu huoni tofauti. Pili, maandishi hukunjwa kwa njia iitwayo gzip, kama nguo sandukuni, na simu huyakunjua yenyewe. Tatu, nembo, picha na mafaili ya mitindo hayabadiliki kila siku. Seva yaweza kuiambia simu iyaweke akiba kwa sekunde 31,536,000, yaani siku 365, isiyaombe tena. Lakini faili likibadilishwa sharti lipewe jina jipya, la sivyo simu itazidi kuonyesha lile la zamani.

Je, nani kati yetu hulibeba godoro lake mpaka Ngara kila likizo, kisha akarudi nalo? Godoro hubaki bwenini; msafiri huchukua nguo na madaftari. Basi tarehe ndiyo msafiri, na picha ndizo godoro.

Likizo iliyofuata tulipanda tena kilimani. Mama akafungua ukurasa, tarehe ikatokea mara moja, na kifurushi kikabaki. Hapo nikamjibu lile swali lake. Akacheka sana.

Ndugu zangu, mwenye kutengeneza ukurasa asiupime kwa kompyuta iliyo mbele yake. Na aupime kwa simu ya mama yake kilimani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne