Siri ya mtungi sasa yajuliwa na kata nyingi

WAHENGA walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maana yao ilikuwa kwamba mambo ya nyumba huyajua yule anayeingia ndani kila siku: mume, mke, mtoto au mtumishi. Lakini siku hizi, msomaji mpendwa, mtungi wako huchotwa na kata usizozijua wala hukuzialika.

Hebu hesabu ni madaftari mangapi yenye jina lako mjini. Ukitaka kuingia katika jengo la ofisi, bawabu hukutaka uandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na unakwenda kwa nani. Pengine hukizuilia kitambulisho chenyewe hadi utoke. Ukienda kutoa pesa kwa wakala wa simu, daftari jingine liko wazi juu ya meza, na anayekufuata kwenye foleni aweza kusoma ulichotoa.

Mwaka juzi niliandika jina langu katika daftari la namna hiyo nilipokwenda kumhoji daktari mmoja. Usiku ule, mwendo wa saa tatu, simu ikalia. Mwanamume nisiyemjua aliniita kwa majina yangu yote mawili, akaniuliza kama nimefika nyumbani salama. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu. Hakusema neno, ila alikiweka kikombe chake chini polepole. Nilipokwenda kulalamika kwa wenye jengo, niliambiwa eti nishukuru kwamba mtu yule hakuwa mwizi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwa wakwe zangu, na kisa hicho kikazusha mjadala mkali. Shemeji yangu, ambaye ni mtumishi wa serikali, alicheka.

"Shemeji, asiye na hatia haogopi kujulikana," alisema. "Serikali isiyowajua watu wake itawagawiaje dawa na chakula cha msaada? Itawakamataje magaidi? Mficha uchi hazai!"

Nilimjibu kuwa methali hiyo ni ya kweli, lakini mwanamke anayejifungua humfunulia mkunga uchi wake, tena ndani ya chumba kilichofungwa. Haendi kujifungulia sokoni.

Hapo ndipo baba mkwe alipoingilia kati. Alitukumbusha kuwa marehemu baba yake, aliyekuwa kibarua katika shamba la mlowezi huko Bonde la Ufa, alitembea na kipande shingoni.

Vijana wa leo huenda hawajui habari hiyo. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa na wakoloni mwaka 1915, na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alipaswa kuchukuliwa alama za vidole na kubeba karatasi iliyoonyesha kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kijikopo cha chuma na kufungwa shingoni kwa kamba. Kibarua aliyetoroka dhuluma ya bwana wake alitafutwa kwa rekodi hizo hizo. Kipande ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaze sauti, na alipokamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi.

"Hata wakati huo," alisema mzee, "tuliambiwa asiye na hatia asiogope."

Nilidhani mzee amenimalizia kesi. Kumbe mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga kimya, alikuwa na yake.

"Kipande kilimfunga baba yenu mkubwa," alisema, "lakini changu kilinifungua."

Alieleza kuwa hapo zamani mwanamke hakuwa na kitambulisho hata kidogo. Sheria ilibadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake nao wakaanza kuandikishwa. Alipopata chake, alikwenda mwenyewe kuweka akiba yake bila kuandamana na mwanamume wa kumtambulisha. Kwake yeye, kutojulikana na serikali hakukuwa uhuru bali kusahauliwa. Nami nikawakumbuka Wanubi wa Kibra, ambao vijana wao kwa miaka mingi walihojiwa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzao wa kabila jingine alipata bila kuulizwa mengi.

Kwa hivyo swali si kama tuandikwe au tusiandikwe. Swali ni hili: nani anashika kalamu, anaandika nini, na ataonyesha nani?

Swali hilo lilifika katika Mahakama Kuu mwaka 2019, serikali ilipoanza kuwaandikisha watu kwa Huduma Namba. Sheria iliyokuwa imepitishwa iliruhusu hata kuchukua chembechembe za DNA, na vipimo vya mitambo vya kuonyesha hasa mahali nyumba yako iliko. Jopo la Kutetea Haki za Wanubi lilikuwa miongoni mwa walioshtaki. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu waliamua kwamba kukusanya mambo hayo mawili ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama ilisema tena kuwa kadi zilitolewa bila kwanza kupima hatari kwa siri za wananchi, kama sheria inavyotaka. Mpango uliofuata, Maisha Namba, ulioanza mwaka 2023, nao ulifikishwa mahakamani.

Shemeji hajakubaliana nami mpaka leo. Hata hivyo, tuliafikiana juu ya jambo moja. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamfunga mwenye jengo sawa na inavyoifunga wizara. Wewe na mimi tuna haki ya kuuliza habari zetu zinachukuliwa kwa kazi gani, na tunaweza kumpelekea malalamiko Kamishna wa Data.

Binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa akisikiliza yote hayo. Wiki iliyopita fundi wa runinga alipomwomba nambari ya simu yangu, alimwuliza kwa heshima, "Mjomba, ya kazi gani?" Fundi alijikuna kichwa, kisha akasema haina haja.