Kompyuta Ilisema Poa, Tarumbeta Ikakataa

Wasee, wacha niwaambie vile nilikaribia kuharibu harusi hapa Isiolo.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Mathe hajanisamehe kabisa. Kwa hivyo binamu yangu aliponiomba nimwandikie muziki wa kuingia bibi harusi, tena kwa pesa, niliona ndio nafasi ya kumwonyesha mathe sishindi tu kwa simu. Vyombo vilikuwa vitatu: kinanda, tarumbeta ya B-flati na saksofoni alto ya E-flati.

Niliandika yote kwa MuseScore, programu ya bure. Nikabonyeza icheze, ikatoka safi. Nikaprinti saiba, nikapeleka mazoezini Alhamisi.

Noti ya kwanza tu, watoto wakaanza kucheka. Na mathe ameketi pale nyuma.

Kumbe shida ni hii. Mpiga tarumbeta ya B-flati akisoma C, sauti inayotoka ni B-flati. Wa saksofoni alto akisoma C, inatoka E-flati. Mimi nilikuwa nimewasha kitufe cha Concert Pitch, kinachoonyesha noti vile zinasikika, nikaprinti hivo hivo. Pale wote walifaa kutoa C, kila mtu akatoa yake. Na kompyuta haikuonyi, juu yenyewe inacheza sawa kitufe kikiwa kimewashwa ama kimezimwa.

Mpiga tarumbeta, mzee aliyestaafu bendi ya jeshi, hakucheka. Aliniuliza, "Kijana wangu, hii umeniandikia mimi ama umejiandikia?"

Nikanyamaza.

"Kinanda kikiwa kwa ufunguo wa C, mimi niandikie D. Huyu wa saksofoni, A."

Nilizima kitufe. Programu ikahamisha noti yenyewe: tarumbeta ikapata sharpu mbili, saksofoni tatu. Haikuchukua hata dakika. Nikarudi saiba.

Nimewahi kusema hapa ati siku hizi programu inakufanyia kila kitu, shule ya nini? Narudisha maneno kidogo. Programu ilijua hesabu yote. Mimi ndiye sikujua nimuulize mzee anasoma nini, na namba yake nilikuwa nayo tangu Jumatatu.

Jumamosi bibi harusi aliingia vizuri. Mathe hakusema kitu, lakini nilimwona akirekodi.

Kama unaandikia watu muziki, zima hicho kitufe kabla uprinti. Na umpigie mchezaji simu kwanza.